Chumba Kilichopakana na Choo

Jumapili, 12 Machi 1995

Yule daktari wa Madras aliniambia niandike kila siku kilichoingia mdomoni na kilichotoka upande wa pili. Cha kuingia nitaandika. Cha kutoka nimekiandika wiki mbili nikachoka, maana daftari lote lilikuwa linasema kitu kimoja. Kwa hiyo kuanzia leo naandika na ya watu. Katika nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, tumbo langu na watu ni habari ileile.

Kwa atakayeliokota daftari hili: mie ni Zubeda binti Mwinshehe, fundi cherehani, Mbagala. Nilikuwa na vidonda vya utumbo mpana, miaka sita natokwa damu. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nashona kilinipeleka India kabla hakijauzwa, Mungu akilaze mahali pema kiwanda kile. Wakautoa utumbo mpana wote. Halafu wakaukunja mwisho wa utumbo mwembamba, wakaushona ukawa kifuko, kikakaa ndani mahali pa kile kilichotolewa. Kazi safi ya mshono, nasema kama fundi. Damu imekwisha, maumivu yamekwisha. Kilichobaki ni kwenda chooni, na kurudi, na kwenda tena. Daktari alisema kifuko ni kipya, bado kinajifunza kuhifadhi.

Hapa hakuna anayejua. Wanajua nilikwenda India kwa operesheni ya tumbo, basi. Nyumba mbili za mwanzo nilitolewa kwa ajili ya choo, na mume alikuwa ameshanitoa kabla ya wenye nyumba. Hii ya Bi Chausiku nimeipenda. Chumba changu ni cha mbele, dirisha linatazama barabarani, cherehani nakaa nayo barazani. Sitaki kuhama tena.

Jumanne, 14 Machi

Wali laini, samaki wa kuchemsha, ndizi mbivu. Kifuko kimetulia. Mawingu yamekaa upande wa baharini, lakini mvua bado inajishauri.

Jumapili, 19 Machi

Asubuhi choo chetu kina foleni kama duka la kaya enzi zile za mgao wa sukari. Mbele yangu kulikuwa na Mfaume, fundi baiskeli wa chumba cha kati. Mfaume huingia na gazeti. Sijui kwa nini mtu aende kusoma habari za vyama na uchaguzi mahali pale, lakini ndiyo starehe yake, na akishaingia anatoka amejua mambo ya nchi nzima. Mie nimesimama nje, miguu nimeibana, namsikia anageuza kurasa.

"Mfaume, kaka yangu, umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa michezo, da Zubeda. Nakaribia."

Alipotoka nikaingia mbio. Nilipotoka, Yustina yuko mlangoni kwake amejishika kiuno. Huyu ni mke wa Revelian, karani wa bandarini, watu wa Bukoba. Chumba chao ni cha mwisho uani, ukuta wao ndio ukuta wa choo, kwa hiyo anasikia kila kitu na kila mtu.

"Shikamoo, dada," akasema. "Leo si mara ya nne hii? Na jua halijachomoza."

"Marahaba. Ukimaliza kunihesabia, unihesabie na baraka."

Nimemchukia tangu siku aliyohamia. Mrefu, ana shingo ndefu, na akikusalimu unaona kama amekupa zawadi.

Jumatatu, 20 Machi

Mvua. Mteja mmoja tu, nimempunguzia sketi ya mtumba. Siku hizi watu wananunua nguo za Ulaya, mie kazi yangu kuzipunguza ziwatoshe.

Jumamosi, 25 Machi

Nimefikiri wiki nzima nikapata akili. Kutoka chumba cha mbele hadi chooni napita ukumbi wote, napita watu na masufuria na majiko, kila mtu ananiona. Chumba cha Revelian kiko mlango kwa mlango na choo. Chumba kibaya kuliko vyote, kina harufu, hakina upepo. Mie ndicho ninachokitaka. Nikamfuata Revelian uani, nikamwambia tubadilishane.

Revelian ni mtu wa taratibu, hata chai huinywa kama anaisikiliza.

"Dada Zubeda, wewe una dirisha la barabarani. Unataka nini huku?"

"Napenda utulivu."

Hapohapo Mfaume akakohoa chooni, akatema, akajimwagia maji. Yustina akachomoza kichwa mlangoni.

"Revelian, kataa. Hakuna mtu anayeacha chumba cha mbele akaja kulala na choo. Huko mbele kumefukiwa kitu, huyu dada anatutafutia balaa."

Nilicheka hadi mbavu zikauma, kwa sababu ningekuwa mie ningesema vilevile. Lakini wamekataa. Jioni nimemwona Yustina ananyunyiza maji ya baraka kwenye ukuta wetu wa ukumbi. Na mie nikatoka nikamshikia taa aone vizuri.

Jumanne, 28 Machi

Uji wa mchele, mayai. Ngozi ya makalio inaniwaka moto, nimepaka mafuta ya mgando. Mvua haijakoma tangu jana.

Jumapili, 2 Aprili

Choo kimejaa. Si chetu peke yake. Mbagala nzima maji yamepanda, ukichimba kidogo unakuta kisima. Nyumba ya nyuma wametoboa shimo lao usiku wa mvua ili mafuriko yachukue uchafu, na mafuriko yakauchukua, yakauleta kwetu. Ua wetu haupitiki. Tumepanga matofali ya kukanyagia.

Mchana Bi Chausiku, mwenye nyumba, kaniita chumbani kwake. Akanipa kigoda. Bi Chausiku akikupa kigoda ujue si habari ya heri, maana habari ya heri husema umesimama ili usikae sana.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wapangaji wamekuja kwangu. Wanasema choo kimejaa na wanasema anayekijaza ni wewe."

"Bi mkubwa, choo cha shule kimejaa, cha kituo cha polisi kimejaa. Na huko nimekwenda mie?"

Hakucheka. Akatazama mikono yake. "Wanasema na jingine. Umekonda. Kutwa chooni. Wanasema ni ule ugonjwa wenyewe."

"Si ule."

"Basi ni upi?"

Mdomo wangu huu, unaomjibu kila mtu, ulinikatalia. Ningemwambia nini? Kwamba sina utumbo mpana, kwamba nimeshonwa kama gunia? Mume wangu nilimwambia kweli yote, akalala usiku mmoja, asubuhi akaandika talaka. Nilikaa pale kwenye kigoda nikaona haya kama mwari.

Bi Chausiku akasema Idi kubwa inikute nimepata chumba kwingine. Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Ijumaa, 7 Aprili

Sina la kuandika. Ndizi mbivu. Mvua.

Jumanne, 11 Aprili

Nimezunguka kutafuta chumba. Dalali ananionyesha dari, ananionyesha umeme, ananionyesha dirisha la nondo. Mie nasema nionyeshe choo. Nyumba ya kwanza choo kiko ng'ambo ya barabara. Ya pili hakina mlango, kuna gunia, na gunia lenyewe fupi. Ya tatu wana choo kizuri cha saruji, cha mwenye nyumba, kina kufuli. Dalali akaniuliza, "Bibie, wewe unapanga chumba au unapanga choo?" Nikamwambia yeye atafute tu.

Nilirudi nimelowa chapachapa, nimeingia vyoo vya watu wanne njiani kwa kuomba. Watu wa Mbagala wana moyo, wote walinipa na maji.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Asubuhi Revelian na Yustina wamekwenda kanisani na miavuli, wamerudi mvua imewapiga vilevile. Saa saba Yustina kanigongea mlango. Kashika sahani imefunikwa kitambaa cheupe.

"Dada, shemeji yangu amefika jana na meli na treni kutoka Bukoba. Ameleta senene. Kwetu senene hapewi mtu ovyo. Nimesikia unahama. Sitaki uhame tumenuniana."

Akafunua. Wadudu. Wamekaangwa, wana rangi ya kahawia, wametolewa mabawa na miguu, macho yote yananitazama. Mie mtu wa pwani, mdudu kwangu ni wa kupigwa na kandambili. Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na shingo yake ndefu ameiinamisha, mara ya kwanza tangu nimjue. Ningekataa, angesema namdharau, au angesema kweli ni mgonjwa hata chakula hakipiti. Nzige si haramu, hilo nalijua, na hawa ni jamii yao. Nikamkaribisha, tukakaa mkekani.

Nikatia mmoja mdomoni. Jamani, watamu. Mafuta, chumvi, wanavunjika kwenye meno. Nikala mmoja, nikala wa kumi, Yustina anacheka, ananihadithia namna wanavyowashika alfajiri mvua ikinyesha. Sahani ikabaki nyeupe. Nilisahau kabisa onyo la daktari wa Madras, kwamba maganda ya chakula yanaweza kuziba kifuko.

Ni mtu mzuri kumbe. Nimemwonea.

Ijumaa, 21 Aprili

Naandika nimelala, mkono una plasta ya sindano. Nianze mwanzo.

Jumapili ileile jioni tumbo lilianza kunikata, linakuja linaondoka, linakuja kwa nguvu zaidi. Nikasema ni gesi. Nikatembea ukumbini, nikanywa chai ya moto, nikainama, nikapiga magoti. Haikutoka hata hewa. Tumbo likajaa likawa gumu, nikawa naliona linapanda lenyewe chini ya kanga. Mie niliyekwenda chooni mara zisizo na idadi, siku hiyo ningetoa cherehani yangu nipate mara moja tu. Halafu nikaanza kutapika. Nikajua kimeziba. Nikaogopa, kweli niliogopa. Nikalala chini kwenye saruji kwa sababu ilikuwa baridi, nikawa nasema shahada.

Alfajiri mlango ukagongwa.

"Dada Zubeda. Dada. Ni Yustina."

Sikuweza kuinuka. Akasukuma, akaingia, nyuma yake Revelian na taa.

"Tangu jana jioni sijakusikia chooni," akasema. "Nimelala nasikiliza, kimya. Nikamwambia Revelian, yule dada amekufa."

Mwanamke niliyemchukia kwa kunihesabia, hesabu yake ndiyo iliyomwamsha.

Pale chini nikamwambia yote. Nilikosa nguvu za kuona haya. Sina utumbo mpana, nina kifuko, njia ni nyembamba, maganda ya senene yamekaa mlangoni. Yustina akajishika kichwa akaketi palepale kwenye matapishi.

"Mimi ndiye niliyekuua. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema, Yustina, senene sili."

"Ungenuna."

"Ningenuna siku mbili, dada. Wewe ungekufa moja kwa moja."

Revelian alikuwa ameshatoka. Akarudi na muuza mkaa mwenye pikapu, mtu ambaye hapakii abiria hata ndugu yake. Wakanibeba kwa mkeka, wakanilaza juu ya magunia, Yustina akanikinga mvua kwa beseni la kufulia. Barabara ya Kilwa maji matupu. Kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Tumefika hospitali weusi sote kwa mkaa, hata nesi akauliza nani mgonjwa.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Nilipomweleza kifuko, akavuta kiti akakaa, akanitaka nimchoree. Nikamchorea nyuma ya karatasi ya dripu, akasema nina mkono mzuri. Wakanitia mpira puani, wakanitia maji mshipani, nisile, nisinywe. Akasema tungoje, pengine kitafunguka chenyewe, pengine itabidi kisu tena. Neno kisu likakaa na mie siku nzima.

Yustina hakuondoka. Alikuwa ananikanda tumbo kwa kiganja, polepole, kama daktari alivyomwelekeza, na huku anasali rozari yake. Mie nasoma zangu. Kitanda cha pili bibi mmoja akasema Mungu leo ana kazi, anaitwa kwa milango miwili.

Jumanne mchana kikafunguka. Kwanza sauti. Sijui niiandikeje, mie mtu mzima, lakini wodi nzima waliisikia. Yustina akaruka akapiga kigelegele. Kigelegele hasa, cha harusini. Wagonjwa wengine wakauliza nani kajifungua. Nesi akaja mbio kumkaripia, akaniona, naye akacheka hadi akashika ukuta.

Nilicheka na mpira puani, inauma sana, nikaendelea kucheka.

Jumatatu, 24 Aprili

Nyumbani. Yustina kaniletea ndizi za kupika, zimechemshwa hadi zimelainika kabisa, na mchuzi wa samaki usio na nyanya. Ameuchuja usibaki hata mbegu. Kifuko kimezipenda kuliko kitu chochote tangu Madras, hata safari za chooni zimepungua. Amekaa ananitazama nikila, kila tonge anauliza, "Hii inapita?"

Jumatano, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Mvua imepumzika, nimeanika godoro.

Jumapili, 30 Aprili

Bi Chausiku kaitisha kikao cha nyumba, uani, baada ya alasiri. Choo kimeshazibuliwa, lakini alitaka aseme mbele ya wote kuwa nahama, isije ikaonekana amenifukuza kwa siri. Tukakaa kwenye matofali na ndoo. Akasema. Watu wakatazama chini.

Yustina akainuka kutaka kunisemea. Nikamvuta kitenge akakaa. Habari ya tumbo langu ataisemaje mtu mwingine na mie nipo.

Nikawaambia. Miaka sita ya damu, utumbo uliotolewa, kifuko, kwa nini nakwenda vile, kwa nini nimekonda, kwa nini siwezi kubana mtu akiwa ndani anasoma gazeti. Nikainua blauzi kidogo, wanaume wakatazama paa, wanawake wakausogelea mshono. Bi Chausiku akaupitishia kidole wote, kutoka juu hadi chini. Akauliza kama waliniwekea dawa ya usingizi. Nikasema ndiyo. Akasema alhamdulillahi.

Mfaume akauliza, "Kwa hiyo, da Zubeda, haiambukizi?"

"Ninachoambukiza mie ni foleni tu."

Akacheka, halafu akaona haya. Akasema gazeti atasomea barazani, kuna mwanga zaidi hata hivyo.

Revelian akainuka kwa taratibu zake. Akasema wao wako tayari kuhamia mbele, mie nihamie nyuma, kama nilivyoomba mwezi wa tatu. Yustina akasema sasa amejua hakuna kilichofukiwa. Akasema pia, mbele ya watu wote, kwamba maneno ya ule ugonjwa yeye ndiye aliyeyaanza, anaomba asamehewe. Nilikuwa sijui. Nimekaa nayo jioni yote hii. Ningejua Machi ningemrarua. Leo nimefikiria lile beseni la kufulia alilonikinga nalo, mikono yake imenyooka juu njia nzima ya kutoka Mbagala, nikaona nimeshamsamehe kabla hajaomba.

Bi Chausiku akasema atafikiri. Akafunga kikao.

Alhamisi, 4 Mei

Bado anafikiri. Mie sijafunga mizigo wala sijafungua. Idi iko karibu. Nimeshona mto uleule mara mbili.

Jumamosi, 6 Mei

Alfajiri nimesikia ukumbini vitu vinaburutwa. Nikatoka. Bi Chausiku amesimama katikati ya ukumbi na fimbo yake, anaelekeza. Revelian na Mfaume wamebeba kabati la Yustina, wanaleta mbele.

"Unatazama nini?" akaniuliza. "Toa vyombo vyako, wenzio wanangoja."

Kumbe ndivyo alivyofikiri.

Saa nne nilikuwa nimeshahamia nyuma. Chumba kina harufu, ukuta una unyevu hadi kiunoni, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nimekaa kitandani nikakitazama, sijapata kuona chumba kizuri kama hiki. Cherehani imebaki barazani mbele, chini ya dirisha la Yustina, na nimeshamsikia anamwambia mteja wangu asubiri, fundi yuko kazini nyuma.

Bi Chausiku akaingia bila hodi, akakaa kitandani kwangu. Alikuwa amechoka na fimbo yake. Akazungusha macho.

"Nilikuwa nikupe notisi ya maandishi," akasema. "Nikamtafuta wa kuniandikia, kila niliyemwomba katika nyumba hii akasema hajui kuandika. Mpaka karani wa bandarini."

Nikaketi sakafuni mbele yake.

"Humu utatoka ukiolewa, mwanangu, au ukibebwa kwa jeneza. Kwa maneno ya watu hutoki. Nyumba ni yangu."

Nikalia. Nililia kwa sauti, kilio cha nyumba zote mbili nilizofukuzwa na cha mume juu yake. Nikataka kumshika mikono, nimwambie yote yaliyonijaa, na tumbo likaniita. Likaita kweli, halikungoja. Nikasimama nalia, nimejibana, nikasema, "Bi mkubwa, nisamehe, nakuja."

Akainuka kabla yangu. Akatoka uani, akanichotea maji kwenye pipa kwa mkono wake mwenyewe, akanifungulia mlango wa choo.

"Nenda," akasema. "Mie nipo hapa, hapiti mtu."